Kabla ya Kushika Tupa, Tazama Ngozi

Wiki chache zilizopita nilipita kusalimia kwenye karakana yetu ya zamani, ile ya hospitali hapa Kakamega. Binti aliyechukua meza yangu nilipostaafu alinitengenezea chai, kisha akaniuliza mbele ya wenzake, "Madam, kwa miaka yote hiyo ya kutengeneza miguu bandia, kosa lako kubwa lilikuwa gani?"

Nikawachekesha. Niliwapa habari ya mama mmoja wa Khwisero ambaye, kwa haraka za Ijumaa mchana, nilimfungia wayo wa kushoto kwenye mguu wa kulia. Mama alishika vyuma vya mazoezi, akapiga hatua nne, akasimama na kunitazama kwa upole. "Madam," akasema, "mimi naenda mbele, lakini huu mguu unataka kwenda kwa jirani." Vijana wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Nilipofika nyumbani niliona nimewadanganya. Kosa la wayo lilirekebishwa kwa bisibisi, na yule mama alirudi kwao akiwa mzima. Kosa langu kubwa ni lile nililomfanyia Zakayo, na sikulisema kwa sababu halichekeshi. Basi nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, mlisome bila mimi kuwepo, maana uso kwa uso ningetafuta njia ya kulikwepa tena.

Zakayo alikuwa mkulima wa mahindi kule Lugari, mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Msimu mmoja wa mavuno trela la trekta lilirudi nyuma likampanda mguu wa kulia. Madaktari waliukata chini ya goti. Miezi kadhaa baadaye aliletwa kwetu na mkewe, Salome, nikampima na kumtengenezea mguu. Alijifunza kutembea haraka kuliko watu wengi niliowahi kuwahudumia. Mwezi wa tatu wa kuuvaa alikuwa anapita kwenye matuta ya shamba lake bila fimbo, na mimi nikajisifu kimoyomoyo kana kwamba miguu yote miwili nilimpa mimi.

Niwaeleze kidogo kwanza, kwa faida ya wale wasio wa kazi hii. Sehemu ya mguu inayobaki baada ya kukatwa tunaiita kigutu. Kigutu huingia kwenye kikombe cha plastiki kilicho juu ya mguu bandia, kile ninyi mnachokiita soketi. Ngozi ya kigutu haikuumbwa kubeba uzito wa mtu. Ngozi ya nyayo ndiyo iliumbwa hivyo, na hiyo imeshakwenda. Sasa mnaichukua ngozi laini ya muundi, mnaifunika kwa soksi, mnaitia ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, halafu mnamwambia mwenyewe atembee juani kutwa nzima. Humo ndani kuna joto, jasho, msuguano na giza. Vipele, malengelenge, majipu, vyote hupapenda mahali kama hapo.

Aliyenifundisha kazi, Mzee Andanje, alikuwa na tabia iliyonichukiza nilipokuwa mgeni. Mgonjwa akivua mguu, yeye aliichukua soksi kwanza na kuinusa. Bila haya, mbele ya watu! Nilidhani ana kasoro. Siku moja alininyooshea soksi ya mwalimu mmoja mstaafu. "Nusa."

"Mzee, hapana."

"Nusa, msichana. Unataka kazi ama hutaki?"

Nikanusa. Ilinukia sabuni ya unga kana kwamba imetoka kwenye paketi. Mwalimu alikuwa na mwasho wa miezi miwili na alikuwa amepewa dawa za kila aina. Kumbe soksi zake zilifuliwa kwa sabuni kali na kusuuzwa mara moja tu, maana maji kwao yalikuwa mbali. Kila alipotokwa jasho, ile sabuni iliyobaki iliyeyuka na kumchoma. Andanje akamwambia afue kwa sabuni ya mche na asuuze mpaka maji yawe safi. Baada ya wiki mbili mwasho ulikwisha. Tangu siku hiyo ninanusa soksi, na ninyi pia mtanusa, hata mkiwa na vyeti vingapi.

Miaka imebadilisha mengi. Mimi nilianza na miguu ya mbao na mikanda ya ngozi ya ng'ombe. Baadaye ikaja plastiki ya kupashwa moto kwenye tanuri, na siku hizi naona mnazungusha kamera kwenye kigutu, kompyuta inachora yenyewe. Wengine wanavaa soksi za silikoni, laini kama shavu la mtoto. Ni nzuri. Lakini hata silikoni isipooshwa kila siku hukusanya jasho, na kamera haikwambii mtu amefanya nini nyumbani kabla ya kuja kwako.

Sasa Zakayo. Karibu na mwaka mmoja wa kuvaa mguu, alirudi akisema unamuuma mbele, kwenye ncha ya muundi. Nilimvua soksi nikaona wekundu. Huo wekundu una kipimo chake: mtu akivua mguu, alama nyekundu zinatakiwa kupotea baada ya dakika kama kumi. Zikikaa, basi mahali hapo pamebanwa. Wa Zakayo ulikaa. Nikachukua tupa, nikakisugua kikombe kwa ndani kupunguza plastiki mahali pale, nikamrudishia.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, Madam."

Wiki tatu baadaye akarudi. Nikasugua tena. Akarudi mara ya tatu, nikasugua tena, na safari hiyo nikamsomea somo lote nililokuwa nimelikariri: osha kigutu kila jioni kwa sabuni isiyo kali na maji ya vuguvugu, suuza vizuri, kausha kwa kupapasa bila kusugua. Usioshe asubuhi halafu ukavaa papo hapo, kwa maana ngozi yenye unyevu huvimba na kunata. Badilisha soksi kila siku. Usipake spiriti, usipake mafuta kabla ya kuvaa. Na kila jioni angalia ngozi yote, mbele na nyuma.

"Unaangalia?" nikamuuliza.

"Naangalianga," akasema.

Nikaandika kwenye faili yake kwamba mgonjwa ameelekezwa na ameelewa. Mkono wangu, wino wangu. Ningeweza kuwaonyesha ukurasa huo mpaka leo.

Nilikosea mara mbili pale, na makosa yote mawili mtayakuta njiani. La kwanza ni la ufundi. Kigutu husinyaa. Mwaka wa kwanza hasa, hupungua mwezi hadi mwezi, na kikombe kilichombana mtu vizuri mwanzoni kinakuwa kikubwa. Basi kigutu kinazama chini zaidi ya pale kinapopaswa kukaa, na ncha inagonga. Zakayo hakuhitaji tupa. Alihitaji soksi ya pili juu ya ile ya kwanza, ili akae juu. Kila niliposugua nilizidi kumchimbia shimo la kuzama. Na alivyozidi kuzama ndivyo ukingo wa nyuma wa kikombe ulivyozidi kumkata kwa nyuma, chini ya kikunjo cha goti, mahali ambapo yeye hakusema panauma na mimi sikupatazama vizuri, kwa sababu nilikuwa natazama pale alipoonyesha kwa kidole.

Kosa la pili nitalifikia.

Mvua ilipoanza, Zakayo hakuonekana. Nilifikiri amepona. Kumbe ulikuwa wakati wa kupanda, na alikuwa anaingia shambani alfajiri na kutoka jioni, soksi ikiwa imelowa tangu saa mbili. Jumatatu moja asubuhi Salome aliingia karakana peke yake, viatu vikiwa na matope mekundu, akasimama mlangoni.

"Madam, nimemleta Zakayo. Wamemlaza kule wodini. Anatetemeka."

Nilikwenda mbio na aproni yangu yenye vumbi la plasta. Zakayo alikuwa na homa kali na macho yake yalikuwa yamezama. Nyuma ya kigutu, pale pale ukingo wa kikombe unapokaa, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa mfuniko wa chupa, chenye usaha, na wekundu ulikuwa umepanda kupita goti. Daktari wa upasuaji alinivuta kando. Aliniambia atakisafisha kidonda na kumpa dawa za kupitia mshipani, lakini wekundu ukizidi kupanda kwa siku mbili zijazo, atalazimika kukata juu ya goti.

Ninyi mnajua maana ya goti. Mwenye goti lake anaweza kuinama akapanda mahindi. Asiye nalo anaweza kutembea, ndiyo, nimewatembeza wengi, lakini kwenye matuta ya Lugari wakati wa matope ni habari nyingine kabisa. Nilirudi karakana nikakaa mbele ya meza bila kufanya kitu.

Mzee Andanje alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua kile kikombe cha Zakayo na kukipitishia dole gumba kwa ndani.

"Hii yote umesugua wewe?"

"Ndiyo, Mzee."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikiweka mezani pole pole. "Na huko nyumbani anafanyanga nini?"

"Nimemweleza kila kitu. Anasema anaangalia kila jioni."

"Amekuonyesha?"

"Kunionyesha nini?"

"Anavyoangalia."

Nikarudi wodini.

Nilikuta muuguzi anabadilisha bendeji, Salome amekaa kwenye benchi kando ya kitanda. Mara tu bendeji ilipofunguliwa, Zakayo aligeuza uso ukutani. Hapo nikakumbuka kitu. Kila alipokuja karakana, nilipomvua soksi, yeye aliitazama kalenda iliyotundikwa juu ya kabati letu. Mara zote. Nilidhani ni mtu mwenye adabu, ama anahesabu siku za kupalilia.

Muuguzi alipomaliza na kuondoka, nilivuta kiti.

"Zakayo, mara ya mwisho uliiona lini ngozi ya mguu wako?"

"Naangalianga, Madam."

"Lini?"

Salome akaacha kukunja shuka aliyokuwa ameishika.

"Sijauona," akasema hatimaye, akiutazama ukuta. "Tangu siku ile walifungua bendeji ya kwanza. Niliuona mara moja tu. Nikasema huu si wangu. Nikaamua nisipouangalia, basi bado niko na mguu."

"Na kuosha?"

"Naoshanga kwa kupapasa. Usiku naweka blanketi. Nikisikia maji maji huko nyuma, nilisema ni jasho. Nikapaka mafuta, isinate."

Niligeuka kwa Salome. Alikuwa analia bila sauti. "Mimi pia hajawahi kunionyesha," akasema. "Nikiingia anafunika. Zaidi ya mwaka, Madam. Nilifikiri labda ni mimi hataki. Nilifikiri amenichoka."

"Salome," Zakayo akasema, na sauti yake ilivunjika katikati ya jina. "Nani amekuambia hivyo?"

"Wewe. Kila siku ukifunika."

Niliinuka nikaenda kusimama dirishani, kwa kuwa yale hayakuwa yangu kuyasikia. Lakini wodi ni ndogo. Nilimsikia Zakayo akimwambia mkewe kwamba aliyaogopa macho yake, kwamba Salome akikiona kigutu kama anavyokiona yeye mwenyewe, ataona mtu nusu. Na nikamsikia Salome akimjibu kwa Kiluhya, maneno machache ambayo sitayaandika hapa.

Hilo ndilo kosa langu la pili. Mwaka mzima nilimwambia mtu "angalia" bila kujua kwamba kuangalia ndiko kulikokuwa kugumu kwake kuliko kutembea. Kujibu "naangalianga" hakumgharimu kitu. Kama ningemwambia siku ya kwanza, "Vua, nionyeshe jinsi unavyofanya nyumbani," ningemwona anageuza uso, nami ningejua.

Dawa zilifanya kazi. Siku ya pili wekundu ulisimama, siku ya tatu ukashuka chini ya goti. Daktari akaniambia kwa ufupi, "Amebaki nalo." Nilikwenda chooni nikafunga mlango nikamshukuru Mungu kwa muda mrefu.

Kabla hajatoka hospitalini nilimpelekea kioo, kile kidogo cha mkononi ambacho akina mama hujitazamia wakisuka nywele. Salome alikuwepo. Nilimwambia Zakayo hakuna haraka. Alikishika kioo, akakilaza kitandani, akakishika tena. Kisha akakitelezesha chini ya goti na kutazama.

Halafu akakiacha kioo na kutazama moja kwa moja, upande wa ndani chini ya goti, akaweka kidole.

"Salome, hii kovu unaijua?"

Salome akainama. "Siijui."

"Ni ya jembe. Nilikuwa darasa la nne. Tulikuwa tunapalilia kwa mama, ndugu yangu akanikata. Mama alinifunga na leso yake." Akalipapasa lile kovu. "Kumbe ilibaki. Kumbe ni huu huu mguu wangu."

Salome akaweka kidole chake pale pale. Nikawaacha.

Wiki saba Zakayo alitembea kwa magongo, bila mguu bandia hata siku moja, na hilo lishikeni: kidonda kikiwa wazi, mguu unakaa kabatini. Msimpe mgonjwa plasta na kumruhusu avae kwa sababu ana harusi, ama kikao cha shule, ama shamba. Watawabembeleza. Zakayo alinibembeleza mara nne. Upandaji ulimaliziwa na Salome na majirani, yeye akiwa amekaa kwenye kiti mwisho wa matuta akipiga kelele kwamba mistari imepinda. Salome aliniambia siku moja walimhamisha na kiti chake wakamweka nyuma ya jiko, wapande kwa amani.

Kila jioni walikaa wawili mlangoni, kukiwa bado na mwanga wa jua, wakafanya kazi yao. Zakayo aliosha, Salome alishika kioo. Waliangalia ncha, mbele, pande mbili, nyuma ya goti na kwenye mshono. Walibonyeza kwa kidole kuona kama kuna mahali pagumu, pa moto au palipopoteza hisia. Soksi alizifua Salome kwa sabuni ya mche na kuzianika zikauke kabisa. Waliporudi kwangu kwa ukaguzi hawakungoja niulize. Walinieleza ngozi ilivyokuwa siku baada ya siku, wakikatizana maneno kama watu wanaosimulia mechi.

Kidonda kilipofunga na ngozi mpya ikakomaa, nilimpima upya. Nilitengeneza kikombe kipya, nikauzungusha ukingo wa nyuma mpaka ukawa mviringo kama mdomo wa bakuli, nikampa soksi za unene tofauti na kumfundisha kuongeza anapojiona anazama. Alivaa. Akatembea kwenye vyuma, kisha nje ya vyuma, kisha hadi kwenye lango la hospitali na kurudi. Zakayo alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa natabasamu. Andanje, ambaye siku hiyo ilikuwa kati ya zake za mwisho kazini, alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

Nikamvua mguu, nikangoja dakika kumi, nikatazama. Nikaona pako vizuri. Nikachukua kalamu nimwandikie aende nao nyumbani.

"Hapana," Salome akasema.

"Nini, mama?"

Alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameinamisha kichwa upande kuona nyuma ya goti. "Leo huu mguu hauendi naye, Madam. Hapa kuna wekundu. Hii haikuwa jana."

"Salome, wacha daktari afanye kazi yake," Zakayo akasema, akiwa ameshaukamata mguu wake mpya kama mtu aliyeshika kuku wa Krismasi.

"Si daktari, mimi ni fundi," nikasema, nikapiga magoti kando ya Salome. Sikuona kitu. Akanishika mkono, akalipeleka dole gumba langu mahali penyewe, karibu na mkano wa nje, ule ulio kama kamba. Nikabonyeza nikaachilia. Palikuwa na alama ndogo kama punje ya mtama, nyekundu, na haikupotea.

Tulingoja dakika kumi nyingine. Haikupotea.

Nilimtazama Andanje. Alikunywa chai yake.

"Uko sawa, mama," nikamwambia Salome. "Ni ukingo. Nitaurekebisha, mrudi wiki ijayo."

Zakayo alishusha pumzi. Akautazama mguu mpya, akamtazama mkewe pale sakafuni, akanikabidhi mguu. Kisha akanyoosha mkono, na Salome akasimama na kumpa magongo.